Paka wa Nyumba Haingwa



Yamkini baadhi yenu mtatabasamu mtakapoona kwamba mwezi huu tumeshika kalamu kuandika habari za paka. Mtauliza: je, hapana jambo kubwa zaidi la kuelezwa Waislamu? Jawabu yetu ni kwamba jambo dogo likiingia ndani ya nyumba huwa si dogo tena, kwani nyumbani ndipo mahali ambapo tabia zetu huonekana bila ya kanzu wala kilemba. Namna tunavyomtendea mnyama asiyeweza kutushtaki kwa jirani wala kwa kadhi, hiyo ndiyo tabia yetu ya kweli.

Tunalotaka kueleza ni hili. Paka wawili waliokaa nyumba moja kwa mapenzi, wakala pamoja na kulala mkeka mmoja, waweza siku moja kugeukiana kama mahasimu wa miaka mingi, pasipo sababu yoyote ya kuonekana kwa macho. Msiba huu umezifika nyumba nyingi, na aghalabu mwisho wake ni mmoja wa paka hao kutiwa guniani akaenda kutupwa. Sisi twaamini kwamba mwisho huo waweza kuepukwa, na ya kwamba ndani ya ugomvi huo mna mafunzo kwa wanadamu, hasa kwa vijana wetu na kwa wakuu wa nyumba.

Paka si mgeni katika nyumba ya Kiislamu. Sahaba aliyepokea hadithi nyingi kuliko wote, Abdurrahman bin Sakhr, hajulikani na watu kwa jina lake hilo, bali kwa lakabu ya Abu Huraira, yaani baba wa kipaka, kwa ajili ya kipaka alichokuwa akicheza nacho alipokuwa akichunga wanyama wa jamaa zake. Imepokewa pia katika Muwatta ya Imamu Malik, na katika vitabu vya Abu Daud na Tirmidhi, kwamba Abu Qatada alikuwa akimiminiwa maji ya udhu na Kabsha, mke wa mwanawe, akaja paka kutaka kunywa, naye Abu Qatada akamwinamishia chombo mpaka akanywa. Kabsha alipomtazama kwa mshangao, alimweleza kuwa Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba paka si najisi, bali ni katika hao wanaotuzungukazunguka majumbani mwetu. Na katika Bukhari na Muslim mna habari ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwachilie akajitafutia mwenyewe. Basi mwenye kuweka paka asidhani kwamba ameweka pambo. Ameshika amana, na amana huulizwa.

Hayo tumeyatanguliza ili msomaji ajue kwa nini yaliyotokea nyumbani kwetu hatukuyachukulia kuwa mchezo.

Katika nyumba yetu, iliyoko Mji wa Kale wa Mombasa, wamo paka wawili wa kike, Pamba na Zabibu, waliozaliwa siku moja na mama mmoja. Pamba ni mweupe mwili mzima, na Zabibu ni mweusi mwenye baka jeupe kifuani. Mpwa wetu aliwaleta kikapuni mwaka 2021, baada ya baba yetu kufariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, ili wapate kumliwaza bibi yake. Na kweli walimliwaza. Mama yetu, ambaye umri wake umepita miaka 70, alikuwa halali vyema tangu kufiwa. Walipokuja paka hao wakawa wanalala miguuni pake, mmoja huku na mmoja kule, naye akapata usingizi. Alfajiri akiamka kusali huwakuta wamekwisha tangulia, wamekaa kando ya msala wakimngojea. Wote wawili walifungwa uzazi na daktari wa wanyama walipofika miezi 6, na kwa muda wa miaka karibu mitatu hatukuwahi kuona ukucha ukitolewa baina yao ila kwa mchezo.

Usiku mmoja wa mwezi wa Rajabu 1445, sawa na Januari 2024, pepo za kaskazi zikivuma na joto likiwa kali, madirisha yote yalikuwa wazi. Baada ya sala ya isha tukasikia ukelele kama wa mtoto aliyeungua moto. Tulipokimbilia ukumbini tulimkuta Pamba amemkamata Zabibu shingoni, nywele za mgongo zimemsimama, mkia umevimba kama ufagio, na mboni za macho zimepanuka hata rangi ya jicho haionekani. Mama akapiga makofi kwa nguvu, wakaachana. Zabibu akaingia chini ya kabati, na Pamba akabaki akizunguka chumba akinguruma kama asiyemjua mtu yeyote humo ndani.

Tulidhani asubuhi mambo yatakuwa yamekwisha. Hayakwisha. Zabibu alipotoa kichwa tu, Pamba alimrukia tena. Siku ya pili Zabibu hakula, akawa akikojoa huko huko chini ya kabati kwa hofu. Mama akarudi kukesha kama alivyokuwa akikesha siku za eda yake, maana kila mara usiku alikuwa akisikia mkwaruzo hushtuka na kuinuka.

Huku nyuma maneno ya watu hayakupungua. Jirani mmoja alisema kuwa nyumba imeingiwa na kijicho, na paka ndio wa kwanza kuona. Mwingine alisema kuwa Pamba amekuwa nunda, na nunda akianza na paka mwenzake humaliza na watu. Vijana wawili wa mtaani walikuja na simu zao kutaka kuwapiga picha wakipigana, wapate kujua nani bingwa. Hao tuliwakanya, kwani katika vitabu vya Abu Daud na Tirmidhi yamepokewa makatazo ya kuwagombanisha wanyama, na kuchekelea ugomvi wao ni mlango wa kuuchochea.

Lakini lililotuuma zaidi si maneno ya nje. Watu wa nyumbani nao waligawanyika. Dada yetu alimshika Zabibu, akisema huyu ndiye aliyedhulumiwa na mwenzake ndiye mkorofi. Mwanawe, kijana wa miaka 14, alimtetea Pamba, akisema lazima Zabibu amemfanyia jambo ambalo sisi hatukuliona. Siku ya tatu mama na mwana walikuwa hawasemezani wakati wa chakula. Kaka yetu mkubwa, ambaye hapendi makelele, akaona dawa ni moja: Pamba apelekwe soko la samaki akaachwe huko, kwani huko riziki haikosekani. Gunia likatafutwa, nalo likawekwa nyuma ya mlango likingoja magharibi.

Mama aliliona gunia lile. Hakupandisha sauti. Alisema: “Wanangu, wazee walinena, paka wa nyumba haingwa. Leo mwamtoa huyu kwa kuwa amegombana na nduguye. Nanyi kesho mkigombana, mwataka nimtoe nani?”

Hapana aliyekuwa na jawabu. Kaka yetu akalikunja gunia akalirudisha stoo. Akasema, kwa adabu, kwamba asiyeweza kulala pia ana haki yake, na mama mwenyewe ndiye halali. Basi na ijaribiwe dawa nyingine mpaka uandame mwezi wa Ramadhani, na kama mpaka hapo hapana amani, mmoja atafutiwe nyumba kwa jamaa tunaowajua, si sokoni. Wote wakaridhia. Tukawa na muda wa majuma saba.

Daktari wa wanyama alipokuja, jambo la kwanza alilolifanya ni kuwakagua wote wawili, meno, masikio, tumbo na viungo, kwani alisema kuwa mara nyingi paka mpole anayegeuka mkali ghafla huwa ana maumivu mahali, naye hana ulimi wa kuyaeleza. Maumivu hakuyaona. Alimtibu Zabibu jeraha la shingoni, kisha akauliza swali ambalo kati yetu sote hapana aliyelifikiri. Hakuuliza nani alianza. Aliuliza: “Usiku ule, dirishani palikuwa na nini?”

Mpwa wetu ndiye aliyekumbuka. Alisema kuwa kwa siku kadhaa kabla ya tukio palikuwa na paka shume mmoja mkubwa, wa rangi ya manjano, akija kukaa juu ya ukuta unaoelekea dirisha la ukumbini, na Pamba hushinda dirishani akimkodolea macho kupitia nondo. Daktari akatoka nje, akainama chini ya dirisha, akanusa, akatuita. Ukuta ulikuwa unanuka mkojo wa paka dume. Na palikuwa na mabaki ya vichwa vya samaki, ambavyo majirani kwa huruma yao huwawekea paka wa mtaani.

Hapo akatufafanulia. Paka aliye dirishani akimwona mgeni kwenye mpaka wake, damu humchemka. Anataka kumfukuza lakini nondo zinamzuia. Ghadhabu ile haina pa kutokea, nayo haizimiki. Kisha mwenzake, asiyejua lolote, hupita karibu yake au humgusa mkia, na papo hapo ghadhabu yote humwangukia yeye. Wataalamu wa tabia za wanyama wanaijua sana hali hii, nao huiita ghadhabu iliyoelekezwa kwingine. Paka aliyefikwa nayo aweza kubaki katika mchemko huo kwa dakika chache, au kwa saa nyingi, na mara nyingine kwa siku kadhaa. Na ubaya wake ni kwamba baada ya pigo la kwanza kila mmoja humwogopa mwenzake: aliyepigwa hukimbia, na kukimbia kwake humfanya mwenzake amfukuze. Ndivyo hofu ya usiku mmoja inavyogeuka kuwa uadui wa miezi.

Basi Pamba hakuwa nunda, wala Zabibu hakuwa na kosa. Pamba alikuwa na ugomvi na shume wa nje, na kwa kuwa hakumfikia, alimpiga aliyekuwa karibu.

Ni vyema msomaji afahamu pia asili ya mnyama huyu, ili asimdai lile ambalo hakuumbwa nalo. Paka wetu wa majumbani wametokana na paka-mwitu aliyekuwa akiishi Afrika na Mashariki ya Karibu, jambo ambalo lilithibitishwa na uchunguzi wa nasaba zao uliotangazwa mwaka 2007. Urafiki wao na binadamu ni wa kale mno: mwaka 2004 ilitangazwa habari ya kaburi lililofukuliwa kisiwani Kupro, la tangu yapata miaka 9,500 iliyopita, ambamo mtu alizikwa na paka kando yake. Lakini paka-mwitu huyo huwinda peke yake, na windo lake ni dogo, panya au ndege, halitoshi kugawanywa. Mbwa, ambaye babu zake waliwinda kwa makundi, ana ishara nyingi za kumwomba mwenziwe radhi. Paka hana nyingi. Wakikosana, hapana anayejua namna ya kurudi, na asipopata mtu wa kuwasaidia, kila mmoja hukaa na hofu yake.

Jambo la pili ni pua. Paka humjua mwenzake kwa harufu kabla ya kumjua kwa macho. Ndiyo sababu utawaona wakijisugua mashavu kwenye miguu ya viti, kwenye nguo zetu, na wao kwa wao. Wanachofanya ni kupakana harufu moja ya nyumba, mfano wa watu wa ukoo mmoja kuwa na jina moja. Harufu hiyo ikibadilika, undugu huingiwa na shaka. Hii ndiyo sababu nyumba nyingine hupata msiba kama wetu siku ambayo paka mmoja amerudi kutoka kwa daktari: amerudi ananuka dawa na hofu, na nduguye humwona kuwa ni mgeni aliyevaa ngozi ya mwenyeji.

Sasa tueleze tulivyofanya, kwani huenda yakamfaa mwenye kufikwa.

Kwanza tuliwatenganisha kabisa. Zabibu alipewa chumba cha mama, na Pamba ukumbi na ua. Kila mmoja alikuwa na chakula chake, maji yake, na karai lake la mchanga wa haja. Daktari alituonya tusifanye kile ambacho wengi hukifanya, yaani kuwashika wote wawili na kuwasogezeana nyuso ili “wapatane”. Kufanya hivyo ni kuwapa sababu mpya ya kuogopana. Wala wasipigwe, wala wasimwagiwe maji ya moto, kwani paka hapati kufahamu kuwa ameadhibiwa kwa ugomvi. Anachofahamu ni kwamba kila mwenzake anapotokea, maumivu huja naye.

Pili tuliiondoa fitina yenyewe. Sehemu ya chini ya dirisha tuliifunika kwa ubao, upepo uingie juu na paka asione nje. Ukuta tuliuosha. Majirani tuliwaendea kwa maneno mazuri, tukakubaliana kuwa vichwa vya samaki viwekwe mwisho wa kichochoro badala ya chini ya dirisha, maana hatukutaka shume afe njaa kwa ajili ya amani yetu. Yeye naye ni kiumbe, na alikuwa akitafuta riziki tu. Baadaye daktari alimtega, akamhasi, akamwachilia, na tangu hapo hajarudi kukojolea ukuta wetu.

Tatu tuliwarudishia harufu. Kila siku mama alichukua kipande cha leso kuukuu, akampangusia Pamba mashavuni, akakiweka karibu na sahani ya Zabibu, na kipande kingine kinyume chake. Siku za mwanzo Zabibu alikifokea kitambaa kama aliyeona nyoka. Baada ya siku 9 alikilalia.

Nne tuliwalisha pande mbili za mlango mmoja uliofungwa. Sahani ziliwekwa mbali na mlango mwanzoni, kisha kila baada ya siku kadhaa zikasogezwa kidogo. Kusudi ni kwamba kila mmoja aisikie harufu ya mwenzake wakati wa neema, si wakati wa vita. Walipoweza kula wakiwa karibu na mlango bila kunguruma, tulifungua upenyo wa vidole viwili. Kisha mpwa wetu akatengeneza fremu ya wavu, wakawa wakionana lakini hawafikiani. Mwisho tukawaweka pamoja kwa dakika 5, kila mmoja na dagaa wake, tukawatenga kabla hawajachoshana. Ya kesho 5, ya keshokutwa 10.

Kuna siku mambo yalirudi nyuma. Katikati ya Shaaban mlango ulipigwa na upepo, Pamba akashtuka, akamrukia Zabibu palepale kwenye wavu, na tukalazimika kuanza tena kwa mlango uliofungwa. Siku ile kaka yetu alitazama kalenda ya ukutani, asiseme neno. Ila jioni tulimwona yeye mwenyewe ameketi chini kwenye sakafu, akimpa Pamba dagaa mmoja mmoja upande wa huku wa mlango, na dada yetu amekaa upande wa pili na Zabibu. Na mpwa wetu, aliyekuwa hasemi na mama yake, alikuwa akikimbia kati yao kupeleka habari: “Mama, Zabibu amekula? Mjomba anasema Pamba ametulia.” Kazi ya kuwapatanisha paka ilikuwa imewapatanisha wao bila ya wao kukusudia.

Ulipoandama mwezi wa Ramadhani, Machi 2024, Pamba na Zabibu walikuwa wakikaa chumba kimoja mchana kutwa bila ukelele. Tusimdanganye msomaji kwa kusema kuwa walirudi kuwa kama mwanzo. Hawakurudia kulala wamekumbatiana. Waligawana: Zabibu akachukua mahali pa juu ya kabati, Pamba akachukua kizingiti cha ua, na wakipishana kila mmoja hutazama pembeni, jambo ambalo kwa paka ni adabu, kwani kukodoleana macho ndiko kutishana. Lakini usiku wote wawili hupanda kitanda cha mama, mmoja huku na mmoja kule, na mama analala.

Kwa wale walio na paka zaidi ya mmoja, tunaongeza nasaha chache. Makarai ya mchanga yawe sawa na idadi ya paka na moja zaidi, tena yasipangwe mahali pamoja. Vyakula na maji viwe mahali mbalimbali, na pawe na mahali pa juu pa kukimbilia, ili asiweko wa kumzuilia mwenzake njia. Jihadharini na uadui wa kimya: paka anayemkodolea mwenzake macho, anayelala mlangoni asimruhusu kupita, huyo yumo vitani ingawa hakutoa sauti. Paka wasiohasiwa na wasiofungwa uzazi hugombana zaidi, basi muone daktari mapema. Na paka mkubwa aliyebadilika tabia apimwe kwanza maradhi, kabla ya kuhukumiwa.

Na katu msiwatenganishe paka wanaopigana kwa mikono mitupu. Pigeni makofi, au tieni kipande cha boksi kati yao, au warushieni blanketi, kisha kila mmoja apelekwe chumba tulivu chenye giza. Akiumwa mtu, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali, kwani meno ya paka hupenya ndani sana na huleta usaha, na ugonjwa wa kichaa cha mbwa huwapata paka pia. Paka wa nyumbani na wachanjwe.

Sasa, ndugu wasomaji, turudi kwenye mafunzo tuliyoyaahidi.

Ni wangapi kati yetu walio na shume wao ukutani? Mtu ametukanwa na mkubwa wake kazini, hakuweza kumjibu. Akapakia matusi yale akaja nayo nyumbani, na mkewe akimwuliza tu kama atakunywa chai, humwangukia yeye. Mama ameudhiwa na mkopeshaji, kofi akalipata mtoto. Kijana ameshindwa mtihani, mdogo wake ndiye anayenyang'anywa kitabu. Aliyepigwa hajui alilokosa, naye huanza kuogopa. Na akiogopa, aliyempiga huona kuwa anachukiwa. Na hapo nyumba nzima huanza kuulizana nani mkorofi, ilhali mkorofi yuko nje juu ya ukuta, wala hana habari.

Paka ana udhuru, kwani hakupewa akili ya kujua kuwa ghadhabu yake imekosea njia. Sisi tumepewa. Mtume (s.a.w.) amemfundisha aliyeghadhibika kukaa ikiwa amesimama, na kulala ikiwa kukaa hakukumtosha, na kunyamaza. Huku ni kule kutenganishwa katika chumba kimoja kimoja mpaka damu itulie. Mtu asiyeweza kumfikia adui wake wa nje na asimfanye adui aliye karibu yake.

Na mkuu wa nyumba, ukiona wawili wako waliopendana wamegeukiana ghafla, usiharakie kuuliza nani ameanza. Uliza kwanza dirishani palikuwa na nini. Ondoa fitina kabla ya kumwondoa mtu. Usiwalazimishe kukumbatiana siku ile ile mbele ya wageni ili wewe upate kusifiwa kwa kuwapatanisha, bali wape nafasi, walishe wote wawili kwa usawa, na uwasogeze kidogo kidogo. Ikiwa mwisho wake hawatakuwa kama zamani, lakini wakaweza kukaa chini ya dari moja bila ya kudhuriana, basi hilo nalo ni suluhu, na suluhu ni heri.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azitie majumba yetu mapenzi na rehema, atupe subira na viumbe wake wadogo aliotupa kuwachunga, na atulinde na ghadhabu inayompiga asiye na kosa. Amin.